Umejuaje? Wiki Moja na Darasa la Tano

Wiki nzima hii nimelifundisha Darasa la Tano chini ya swali moja, "Umejuaje?", na nimeona ni vyema niandike yaliyotokea kwa sababu wazazi kadhaa wameniuliza ni kitu gani kimewafanya watoto warudi nyumbani wakiwa na swali hilo mdomoni. Shule yetu ni ya serikali, iko kijijini mkoani Iringa, mahali ambapo mtu hufika Kalenga, penye makumbusho madogo ya historia, kwa miguu bila kuchoka sana. Walimu tuko wachache, kwa hiyo katika darasa hilohilo nafundisha Hisabati, Sayansi, na Historia ya Tanzania na Maadili. Mzigo ni mkubwa, lakini una faida yake: naweza kulitoa swali katika kipindi kimoja nikaliingiza katika kingine, na watoto wakaona kwamba linalotakiwa katika hesabu za sehemu ndilo linalotakiwa pia mbele ya kopo la maharage na mbele ya kabati la kioo la makumbusho.

Hawa ni watoto wa kundi la kwanza la mtaala ulioboreshwa. Walianza nao wakiwa Darasa la Tatu mwaka 2024, na wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi wakiwa Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia kwa darasa moja watakuwa wanamaliza la Saba. Mtaala huo unataka mtoto ajenge umahiri, yaani aweze kulitenda jambo na kulieleza badala ya kulikariri tu. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Hata hivyo, katika chumba chenye wanafunzi zaidi ya sitini, wanaokaa watatu watatu kwenye dawati na kuchangia kitabu kimoja cha Taasisi ya Elimu Tanzania, umahiri hauji kwa kuuandika kwenye andalio la somo; unakuja kwa kuhakikisha kwamba kila dawati lina kitu cha kushika, cha kupima au cha kubishania.

Jumatatu tulianza na kujumlisha sehemu zenye asili, yaani namba za chini, tofauti. Niliandika ubaoni 1/2 + 1/3, nikawaacha wafanye kwenye madaftari bila mfano wowote, kisha nikapita kati ya madawati. Jibu moja lilijirudia karibu kila nilipoinama: 2/5. Mwalimu yeyote wa madarasa haya analifahamu jibu hilo. Mtoto amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili kwa asili, na kwa kuwa miaka yote amezoea kujumlisha kila namba iliyo mbele yake, haoni kwa nini aanze kusita leo. Njia ya mkato ni kulifuta, kuandika kanuni ya Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote, na kuwaambia wanakili. Watapata vema kwa siku mbili tatu, halafu 2/5 itarudi ileile, kwa sababu kanuni haikulishinda wazo lao, ilikaa tu juu yake.

Kwa hiyo niliwagawia vipande vya karatasi vyenye urefu sawa, vilivyokatwa kutoka kwenye madaftari ya mwaka jana, nikawataka wanionyeshe nusu na theluthi kwa kukunja. Nusu ni rahisi. Theluthi ina taabu, maana karatasi haikubali kukunjika mara tatu sawasawa kwa jaribio la kwanza, na nilimwona binti mmoja wa dawati la tatu, ambaye hunyoosha mkono kwa nadra, akiirekebisha mikunjo yake kwa ukucha, akiifungua na kuikunja upya, mpaka ncha zote zikalingana. Alikata nusu yake, akakata theluthi yake, akazipanga moja ikifuatana na nyingine juu ya kipande kizima. Zilikaribia kukijaza. Nilimwuliza kama mbili ya tano ni zaidi ya nusu au ni pungufu. Alikaa kimya, midomo ikihesabu, kisha akasema, "Pungufu, Mwalimu. Nusu ya tano ni mbili na nusu." Nikamwambia, "Sasa wewe umeanza na nusu, ukaongeza. Imekuwaje ukapata pungufu ya nusu?" Hakunijibu mimi. Alimgeukia mwenzake wa pembeni, akamwonyesha karatasi, akamweleza kwa maneno yake, na wote wawili wakachukua kalamu wakakata 2/5 kwenye madaftari yao kabla sijasema neno jingine.

Pengo dogo lililobaki wazi mwishoni mwa kipande kizima ndilo lililotufundisha mengine yote. Niliwataka wakate karatasi yenye ukubwa wa pengo hilo na kuitumia kama kipimo. Walikuta inaingia mara sita katika kipande kizima, mara tatu katika nusu, na mara mbili katika theluthi. Tano ya sita ikawa imepatikana mikononi mwao kabla haijaandikwa popote, na nilipoandika ubaoni kwamba KDS ya 2 na 3 ni 6, watoto waliitikia kwa sauti ya watu waliokwisha kukutana na jambo hilo. Kipindi cha dakika 40 kiliisha tukiwa tumefanya swali moja tu. Wapo walimu wenzangu ninaowaheshimu ambao huona mwendo wa namna hiyo ni wa polepole mno kwa muhtasari tulio nao. Mimi naamini swali moja lililoeleweka hadi chini huokoa vipindi vingi vya kurudia baadaye.

Mchana wa siku hiyo tuliandaa jaribio la Sayansi kuhusu mahitaji ya mbegu ili iote. Watoto walikuwa wameleta chupa za maji zilizokatwa katikati, pamba, na maharage waliyovuna wazazi wao. Tulitayarisha makopo matano, kila moja likiwa na mbegu kumi. La kwanza lilipata pamba iliyoloweshwa, likakaa kwenye rafu iliyo kando ya dirisha la jiko la shule, kwa sababu Mei ya Iringa ni ya baridi na jiko linalopikiwa uji ndilo chumba chenye joto kuliko vyote tulivyo navyo. La pili lilifanana nalo kwa kila kitu isipokuwa pamba yake ilikuwa kavu. Katika la tatu tulifunika mbegu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tukamimina mafuta ya alizeti juu yake ili hewa isipenye. La nne lilikuwa na pamba yenye maji kama la kwanza, lakini mama mwenye duka la jirani alitukubalia tuliweke ndani ya friji yake, pembeni ya soda. La tano tulilifunika ndani ya boksi la viatu lisilopitisha mwanga, tukaliweka kwenye rafu ileile ya jikoni. Niliwasisitizia kwamba kila kopo litofautiane na la kwanza kwa jambo moja tu, maana yakitofautiana kwa mawili hatutajua ni lipi lililoleta matokeo.

Kisha tukapiga kura. Karibu wote walisema kopo kavu halitaota, na wengi walisema la friji halitaota. Kuhusu boksi lenye giza, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na hakika kwamba mbegu zitabaki vilevile, na nilipowauliza wamejuaje, walijibu kwamba mimea inahitaji jua. Sikuwaambia kama wamepata au wamekosa. Kiranja aliandika kura kwenye karatasi ya manila, tukaibandika ukutani.

Jumanne kulikuwa na vipindi vingi vya lugha, vinavyofundishwa na mwenzangu, na nitasema jambo moja tu juu yake. Alikuwa amewaagiza watoto wamhoji mzee mmoja nyumbani kuhusu historia ya kijiji, kisha waandike habari hiyo wakitenganisha aliyoyaona mzee kwa macho yake na aliyoyasikia kwa wengine. Ni zoezi la Kiswahili, la kutumia "aliniambia kwamba" na "nilishuhudia" mahali panapostahili, lakini lilitutengenezea njia ya safari ya Alhamisi ya kwenda Kalenga vizuri kuliko maandalizi yoyote ambayo ningeyafanya mimi.

Jioni ya siku hiyo mama mmoja alinikuta njiani, tukasalimiana kamwene kama ilivyo ada ya huku, akaniambia kwa upole lakini bila kuficha wasiwasi wake, "Mwalimu, mtoto ananiuliza nimejuaje kila ninalosema. Baba yake anaona ni utovu wa adabu." Nilimshukuru kwa kunieleza, kwa kuwa ni jambo zito, na katika somo lenye neno maadili kwenye jina lake haliwezi kuachwa lijitatue. Kesho yake asubuhi nilitumia dakika za mwanzo wa kipindi kuzungumza na watoto juu ya namna ya kumwuliza mkubwa. Tulikubaliana kwamba mtu huamkia kwanza, humwacha mkubwa amalize, kisha huomba: "Naomba kujua, mama, jambo hili ulilijuaje?" Tuliigiza, mmoja akiwa bibi na mwingine mjukuu. Sioni mgongano kati ya heshima na kutafuta ushahidi. Mtoto anayemwomba bibi yake amweleze alivyolijua jambo anampa bibi huyo nafasi ya kuzungumza na kusikilizwa, na ninaona hiyo ni heshima kubwa kuliko kuitikia ndiyo kwa kila neno huku akili iko kwingine.

Jumatano tulitoka nje kwa ajili ya Jiografia na Mazingira, kuchora ramani ya eneo la shule. Makundi yalipima kwa hatua umbali kutoka mlingoti wa bendera hadi tanki la maji, kila kundi likapata idadi yake, na ubishi ulikoma tulipoleta kamba yenye fundo kila baada ya mita moja. Kilichonifurahisha zaidi ni kutafuta kaskazini. Watoto walitaka kutumia upande jua linapochomoza, lakini mwezi Mei jua halichomozi mashariki kamili. Limesogea kuelekea kaskazini. Tulisimamisha fimbo wima, tukaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya muda mfupi, kuanzia kabla ya saa sita. Kivuli kifupi kuliko vyote huelekea kusini kamili siku hizi, kwa kuwa jua la mchana liko upande wa kaskazini mwetu. Wengi walitarajia kivuli kiwe kifupi kabisa saa sita juu ya alama. Kilifikia ufupi huo saa sita na nusu ilipokuwa imepita kidogo, na wakataka kujua kama saa yangu ilikuwa mbovu. Niliwaeleza kwamba saa za Tanzania nzima zimepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi ya mstari huo, hivyo jua hutuchelewea. Mtoto mmoja akauliza kama huko Kigoma linachelewa zaidi. Ndiyo, linachelewa zaidi, na hilo alilipata bila kufundishwa.

Alhamisi tulikwenda Kalenga. Tulitembea asubuhi wakati ukungu unaanza kuinuka, walimu wawili mbele na mmoja nyuma, kila mtoto na daftari lake. Kalenga ndiko ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na makumbusho yake madogo yana mikuki, ngao na bunduki, pamoja na fuvu linalohifadhiwa ndani ya kioo. Watoto wetu wamelisikia jina hilo tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Nilichotaka wakipate ni mfuatano wa mambo na sababu zake: kwamba tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo majeshi ya Mkwawa yalikishambulia ghafla kikosi cha Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski, kwamba Wajerumani walirudi mwaka 1894 wakiwa na mizinga na kuiteka ngome ya Kalenga, kwamba Mkwawa aliendelea kupigana kwa kuvizia kwa karibu miaka minne, akifichwa na kulishwa na watu wake, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Walipofika mbele ya kioo walinyamaza wenyewe, bila kuambiwa. Nilieleza kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulikuwa na kifungu, cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Halikukabidhiwa. Lilirudi mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Watoto walitoa 1919 kwenye 1954 wakapata miaka 35, wakatoa 1898 wakapata miaka 56, na niliona baadhi yao wakiziandika namba hizo kwa kalamu nyekundu, rangi ambayo kwa kawaida huitunza kwa ajili ya vichwa vya habari.

Hapo mvulana mmoja aliinua mkono, akaamkia kwanza kama tulivyofundishana, akauliza, "Naomba kujua, walijuaje kwamba ni la kwake?" Tulitoka nje ili tulijibu kwa nafasi. Niliwaeleza kwamba Twining alilitafuta katika makumbusho ya mji wa Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi yaliyochukuliwa sehemu mbalimbali, na kwamba uchaguzi ulitegemea vipimo vilivyolinganishwa na vya watu wa ukoo wa Mkwawa, pamoja na tundu la risasi. Niliwaambia pia kwamba wapo wanaohoji kama ushahidi huo unatosha. Sikuona sababu ya kuwaficha, na wala sikuona kwamba shaka hiyo inampunguzia Mtwa Mkwawa chochote. Vita vya Lugalo vilipiganwa, ngome ilisimama, na familia moja ilisubiri zaidi ya nusu karne. Kinachoumiza ni kwamba kulikuwa na makumbusho yenye mafuvu mengi kiasi hicho ya watu wa kwetu na wa kwingine, hata ikabidi moja litafutwe kwa vipimo. Jambo hilo watoto walilitambua wenyewe, na binti mmoja akauliza waliobaki kule ni babu za nani. Tutalirudia swali lake, maana linastahili zaidi ya jibu la njiani.

Babu mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alifuatilia mazungumzo yetu. Alimwita yule mvulana, akamwambia, "Mimi nilikuwa mdogo sana, mjukuu wangu, lakini baba yangu alikuwapo lilipokabidhiwa, na alitusimulia." Mvulana alifungua daftari, akafikiri kidogo, akaandika: amesikia kwa aliyeona. Mwenzangu wa Kiswahili alipoisoma sentensi hiyo alinipa daftari nami niisome.

Tulirudi kabla ya mchana, na wa kwanza kufika walikimbilia jikoni. Katika kopo la kwanza ncha nyeupe za mizizi zilikuwa zimepasua maganda. Ndani ya boksi la viatu zilikuwa zimepasua vilevile. Kelele zilizofuata zilimtoa Mwalimu Mkuu ofisini.

Ijumaa tuliyapanga makopo yote matano mezani na kila kundi likaandika matokeo. Kavu: hakuna. Lililozuiwa hewa: mbegu zimevimba, maji yamekuwa na ukungu, hakuna mzizi. La friji: hakuna mzizi. Nilipokuwa najiandaa kuwauliza wanahitimishaje, mtoto mmoja wa nyuma alisema kwamba kopo la friji halikufuata sharti letu, kwa sababu ndani ya friji kuna baridi na kuna giza pia, kwa hiyo ni mambo mawili. Darasa liligeuka kumtazama. Niliirudisha hoja yake kwao: tufanyeje? Walinong'onezana kwa dakika kadhaa, na jibu lilitoka kwenye dawati la katikati: boksi lilikuwa na giza na mbegu zake zimeota, basi giza halizuii, kilichozuia ni baridi. Katika miaka yangu ya kazi nimesikia watu wazima wachache wakijenga hoja kwa usafi wa namna hiyo, na niliwaambia hivyo.

Tulipasua haragwe lililoloweshwa, wakaona mapande mawili manene yenye akiba ya chakula, na katikati kiinitete kidogo chenye mzizi na vijani vilivyokunjana. Mbegu hutumia akiba hiyo kuanza maisha, ndiyo maana haikuhitaji mwanga bado. Waliosema mimea inahitaji jua hawakuwa wamesema uongo. Boksi litaendelea kufunikwa hadi majani yatokeze, walinganishe rangi yake na ya kopo la dirishani, kisha waamue wenyewe jua linahitajika kuanzia lini.

Kipindi cha mwisho kabla ya michezo kilikuwa cha zoezi fupi la Hisabati, na swali gumu lilikuwa 1/4 + 2/3. Wengi walipata 11/12, na wengi wao walichora vipande pembeni bila kuagizwa. Lakini lipo kundi, si dogo, lililoandika 3/7. Nimeyatenga madaftari yao. Sitawapa kanuni tena. Nitawauliza kwanza kama 3/7 ni zaidi ya 2/3 au ni pungufu, kwa sababu wanayo tayari njia ya kulihukumu jibu hilo. Karatasi ni ngumu kukunja mara kumi na mbili, hivyo Jumatatu watatumia kamba yetu ya ramani, tutakayoikata iwe na nafasi 12, kila nafasi ikiwa ni kutoka fundo moja hadi linalofuata, na yule binti wa dawati la tatu amekubali kukaa nao.